Kufuma Kamba za Viatu kwa Kadi: Mwongozo wa Anayeanza

Kamba ya kiatu hukatika mahali pawili karibu kila mara. Hukatika kwenye tundu la juu kabisa, linalovutwa kila asubuhi, na huharibika kwenye ncha, pale plastiki inapong'oka na nyuzi kuanza kuchanuka kama mkia wa fagio. Hapa Tabora tatizo hilo huongezeka wakati wa kiangazi, kwa sababu vumbi la barabarani huingia kwenye matundu ya kiatu na kuisugua kamba kama msasa. Baada ya kununua jozi tatu katika miezi michache kwa ajili ya viatu vyeusi vya shule vya mtoto wa dada yangu, niliamua kufuma zangu, na tangu hapo sijarudi dukani kwa ajili ya kamba. Naandika mwongozo huu kwa yeyote mwenye subira ya jioni mbili au tatu.

Kabla ya kugusa uzi, ni lazima kuelewa kadi inafanya nini, kwa maana asiyelielewa jambo hili atafuata maelekezo kwa kukariri na atakwama mara ya kwanza atakapokosea. Kadi ni kipande cha mraba chenye matundu manne, moja katika kila pembe, na kila tundu hupitisha uzi mmoja. Unapoizungusha kadi robo mzunguko, nyuzi zake nne hujisokota, sawasawa na mtu anayesokota kamba ya katani kwenye paja lake. Kadi sita zilizopangwa bega kwa bega husokota kamba ndogo sita kwa wakati mmoja, na uzi wa mshindio unaopita kati yake huzifunga pamoja zikawa mkanda mmoja. Uimara wa kamba ya namna hii unatokana na msokoto huo. Nakshi zake pia zinatokana na msokoto huo, na makosa yake karibu yote ni makosa ya msokoto.

Ufundi huu ni wa zamani sana. Huko Norwei, katika kaburi la meli la Oseberg la mwaka 834, lililofukuliwa mwaka 1904, walikuta kadi 52 za mbao zikiwa bado zimevikwa nyuzi za kazi ambayo haikumalizika. Kwetu Unyamwezi ufumaji wa pamba ulikuwepo pia, na mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh jirani na Tabora ya leo mwaka 1857, aliwaandika wafumaji wa hapa; lakini wao walifuma vitambaa, na hawakutumia kadi. Nalitaja hilo kwa sababu mara nyingi naulizwa kama kufuma ni jambo la wageni. Kadi ni ngeni kwetu, ila mtande, yaani nyuzi zinazolala kwa urefu, na mshindio si vigeni.

Kadi na kitanda

Kadi nzuri za kuanzia hutengenezwa kwa karata za zamani. Kata kila karata iwe mraba wa sentimita 6, viringisha pembe zake kwa mkasi ili zisinase nyuzi, kisha toboa matundu manne kwa mashine ya kutobolea karatasi, kila tundu likiwa sentimita 1 kutoka kwenye kingo. Ni muhimu matundu ya kadi zote yalingane kabisa, kwa hiyo toboa kadi ya kwanza kwa uangalifu na uitumie kuwa kipimo cha nyingine. Karata hulegea baada ya jozi nne au tano za kamba, na atakayependa kuendelea na kazi hii akate kadi zake kwenye ubavu wa dumu la plastiki la mafuta ya kula, lililooshwa vizuri kwa sabuni. Zangu za dumu zimedumu miaka.

Ielekeze kadi uso wake ukutazame, kisha andika herufi kwa kalamu isiyofutika: A juu kushoto, B juu kulia, C chini kulia na D chini kushoto. Andika pia namba ya kadi katikati, 1 hadi 6.

Kitanda cha kufumia kinaweza kuwa kitu rahisi sana. Changu ni ubao wa mninga wenye urefu wa sentimita 70 na upana wa sentimita 12, uliosimamishwa nguzo fupi ya sentimita 15 kila mwisho, na katika kila nguzo kuna kigingi cha mviringo kilicholala kwa upana, kinachoshika nyuzi zikae juu ya ubao. Chini ya kila kigingi pana msumari mmoja uliopigwa nusu, wa kufungia. Seremala yeyote atakitengeneza kwa vipande vya mabaki, na mninga ninaupendelea kwa sababu ni mzito, hivyo kitanda hakisogei unapovuta, na pia hupokea msasa vizuri. Kigingi chenye ukwaruzo hata kidogo kitakula nyuzi zako.

Asiye na kitanda afunge upande mmoja wa mtande kwenye nondo ya dirisha au kwenye shina la mwembe, na upande wa pili kwenye mkanda wa kiunoni mwake, kisha akae kwenye kigoda na kukaza nyuzi kwa kuegemea nyuma. Njia hii hufundisha mkono kuhisi mvutano kuliko kitanda chochote. Kasoro yake ni kwamba ukiitwa ghafla huwezi kusimama.

Uzi

Pamba nyembamba ya kroshia ndiyo ninayoishauri. Uzi wa nailoni unaotumika kwenye nyavu ni imara mno, nami nimewahi kuletewa mafungu mawili kutoka Kigoma kwa treni, lakini huteleza: kamba yake hujifungua yenyewe njiani, na mtoto hukanyaga ncha zake. Sufu ya kufumia masweta nayo hunyumbuka, kwa hiyo kiatu hulegea kadiri mtu anavyotembea. Pamba hainyumbuki sana na hushika fundo.

Jaribu uzi kabla ya kuununua. Ushike kati ya mikono miwili kwa urefu wa shubiri na uukate kwa kuuvuta ghafla. Ukikatika bila kukuumiza kidole, huo haufai kwa viatu. Loweka pia kipande cha uzi wa rangi katika maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe, uone kama rangi inatoka. Nyekundu na buluu iliyokolea ndizo hunisumbua zaidi.

Hapa Tabora tunayo bahati ya kuishi katika nchi ya asali, na nta ya nyuki haiko mbali. Chukua donge la nta, uvute kila uzi juu yake mara moja tu kabla ya kuupitisha kwenye kadi. Nta hulaza vinyweleo vya pamba, nyuzi hazishikani kadi zinapozunguka, na kamba iliyokamilika hufunga fundo zuri zaidi. Mara moja yatosha, kwa sababu nta ikizidi itakusanya lile vumbi tunalolikimbia.

Kupima na kukata

Njia ya uhakika ya kupata urefu ni kupima kamba ya zamani. Ikiwa imepotea, kiatu chenye jozi tano za matundu huhitaji takriban sentimita 90, chenye jozi sita sentimita 110 hadi 120, na buti la jozi nane linaweza kufika sentimita 150. Kamba zote mbili hufumwa katika mtande mmoja, moja ikifuata nyingine, ili zitoke na upana uleule.

Tuchukue kamba za sentimita 110. Mbili ni sentimita 220. Msokoto hufupisha nyuzi, nami hukadiria asilimia 15, yaani sentimita 33. Kisha pana sehemu zisizofumika, za mafundo, za nafasi ya kadi mwishoni na za pengo kati ya kamba mbili, ambazo kwa kitanda changu hufikia sentimita 60. Jumla ni sentimita 313, kwa hiyo nakata kila uzi mita 3.2. Kadi sita zenye nyuzi nne zina nyuzi 24: nyeusi 16 na nyeupe 8 kwa nakshi nitakayoieleza, ambazo ni takriban mita 51 za uzi mweusi na mita 26 za mweupe. Ongeza mita 15 za uzi mweusi kwa mshindio. Usibane kwenye urefu. Uzi unaobaki una kazi nyingine, lakini mtande uliopungua sentimita 10 hauna dawa.

Kuvika kadi nyuzi

Kadi ya 1 na ya 6 ni za pembeni, na matundu yake yote huchukua uzi mweusi. Kadi ya 2 na ya 5 zichukue uzi mweupe kwenye A na B, mweusi kwenye C na D. Kadi ya 3 na ya 4 zichukue uzi mweupe kwenye B na C, mweusi kwenye D na A. Mpangilio huu huleta mishale midogo inayofuatana katikati ya kamba. Kwa viatu vya shule tumia rangi nyeusi peke yake, na kila kitu kingine kibaki vilevile.

Mwelekeo wa kupitisha uzi ndipo wengi wanapokosea. Panga kadi zisimame kama vitabu kwenye rafu, nyuso zenye herufi zikitazama mkono wako wa kulia, A na B zikiwa juu, A ikiwa upande wako. Ukianzia kwako kwenda upande wa mbali, nyuzi za kadi ya 1, 2 na 3 ziingie kwenye uso wenye herufi na kutokea mgongoni. Nyuzi za kadi ya 4, 5 na 6 zifanye kinyume: ziingie mgongoni na kutokea usoni. Hivyo nusu moja ya kamba husokotwa upande mmoja na nusu ya pili upande wa pili, nazo husawazishana. Ukizivika kadi zote upande mmoja, kamba itajipinda kama ngazi ya mzunguko, na hakuna kupiga pasi kutakakoinyoosha.

Maliza kadi moja kabla ya kwenda nyingine, na uifunge kila kadi kwa kipande cha uzi ili isigeuke. Zikitimia sita, chana nyuzi zote kwa vidole kutoka kwenye kadi hadi mwisho, hakikisha zina mvutano mmoja, kisha zifunge fundo pande zote mbili. Fundo la mbele, yaani la upande wako, lifungwe kwenye msumari wa mbele. Upande wa nyuma, zungusha mtande uliobaki kwenye kigingi na uufunge kwa fundo linalofunguka kirahisi, kwa sababu utalifungua mara nyingi. Mvutano unatosha pale nyuzi zinapotoa mlio mdogo ukizigonga kwa kidole.

Kufuma

Tazama ubavuni mwa kadi. Nyuzi zinazotoka kwenye matundu mawili ya juu na zile za matundu mawili ya chini zinaacha mwanya kati yake, na humo ndimo mshindio unapopita. Viringa uzi wa mshindio kwenye kipande chembamba cha kadibodi. Uzi huo uwe wa rangi ya kadi za pembeni, maana katika ufumaji huu mshindio hufichwa kabisa na mtande na huonekana kwenye kingo peke yake.

Pitisha mshindio kwenye mwanya, ukiacha mkia wa sentimita 10. Zishike kadi zote pamoja kwa viganja viwili, kama mtu anayeshika kipande cha mkate, na uzizungushe robo mzunguko kwa mbele, sehemu ya juu ikienda mbali nawe. Sasa matundu ya juu ni D na A. Ingiza rula kwenye mwanya mpya, uvute kuelekea kwako kwa pigo moja la wastani, kisha urudishe mshindio kutoka upande wa pili, pamoja na ule mkia ili ufichwe. Zungusha tena: juu kutakuwa na C na D, kisha B na C, kisha A na B. Mizunguko minne imekamilisha mshale mmoja.

Kingo nzuri zina siri moja. Usiuvute mshindio hadi mwisho mara tu unapoupitisha. Acha kitanzi kidogo pembeni, zungusha kadi, na sasa, nyuzi zikiwa zimebadilishana nafasi, vuta kitanzi hadi kitoweke kwenye ukingo. Ukifanya hivyo kila mara, upana hautabadilika. Mimi huweka kamba ya dukani kando ya kazi na kulinganisha kila baada ya vidole vinne. Kwa kadi sita na uzi mwembamba wa kroshia, kamba yangu hutoka na upana wa takriban milimita 8.

Fuma sentimita 5 za majaribio na uzikague. Ikiwa kingo za mishale zimekatika kama meno ya msumeno, nyuzi zimelala kinyume na mwelekeo wa nakshi. Fungua fundo la nyuma, toa nyuzi za kadi ya 2 hadi ya 5 na uzipitishe kutoka upande wa pili wa kila kadi, na fanya hivyo kwa zile za pembeni pia ili mizani ya kamba isivurugike. Ni kazi ya nusu saa, nayo yafaa ifanywe sasa kuliko kuiona kasoro hiyo kila siku miguuni.

Msokoto wa nyuma

Kadiri unavyozungusha kadi kwa mbele, nyuzi zilizo nyuma ya kadi nazo hujisokota, na baada ya mizunguko 20 au 30 msokoto huo hufika karibu na kadi na kuzizuia zisiende. Pana njia mbili za kuutoa. Ya kwanza ni kuzungusha kadi kwa nyuma idadi ileile ya mara. Msokoto hufunguka, na mishale hugeuka kutazama upande mwingine. Ni njia rahisi na nakshi yake inapendeza, ila pale ulipogeuza mwelekeo pana sehemu fupi ambayo nyuzi hazikusokotwa, na hapo ndipo kamba huwa dhaifu. Kama utaitumia, ihesabu sehemu hiyo isiangukie kwenye tundu la juu la kiatu. Mimi humvalisha mtu kiatu chenye kamba ya zamani, natia alama ya chaki pale inapokunjika kwenye tundu hilo, kisha nageuza mwelekeo mbali na alama.

Njia ya pili naipenda zaidi kwa kamba za viatu. Fungua fundo la nyuma, shika fungu la nyuzi nne la kadi moja, lichane kwa vidole hadi mwisho msokoto utoke, kisha nenda kadi inayofuata. Kadi sita huchukua dakika kumi. Kamba inayopatikana imesokotwa mwelekeo mmoja kutoka ncha hadi ncha, na haina mahali dhaifu. Wanaovua kwa ndoana wana vile vizungusho vidogo vya chuma vinavyozuia mshipi usijisokote. Ukifunga kimoja mwisho wa fungu la kila kadi, msokoto hutoka wenyewe bila kufungua fundo.

Unapoacha kazi, hata kwa kwenda kula, funga kadi zote pamoja kwa mpira au kibanio cha nguo na uandike kwenye karatasi ni herufi zipi zilizo juu. Kamba yangu ya pili iliharibika kwa uzembe huu. Niliziacha kadi wazi, kadi ya 4 ikageuka robo peke yake, nami nikaendelea sentimita 40 bila kutazama upande wa chini. Nililazimika kuzungusha kadi kinyume na kutoa mshindio mmoja baada ya mwingine hadi nilipofika kwenye kosa. Hakuna njia ya mkato. Ukikata, umepoteza mtande wote.

Mkanda ukikaribia kadi kiasi cha kukosa nafasi, legeza nyuma, zungusha sehemu iliyokamilika kwenye kigingi cha mbele mara tatu, uikaze kwa kamba fupi kwenye msumari, kisha kaza tena upande wa nyuma. Kamba ya kwanza ikitimia sentimita 110, acha pengo la sentimita 8 bila kufuma, weka kipande cha kadibodi kwenye mwanya, na uanze ya pili.

Ncha

Kabla ya kukata, shona mishono mitatu ya kukatiza kwenye kila mwisho kwa sindano na uzi uleule. Kisha kata pengo katikati, ukiacha sentimita 3 za nyuzi kila upande. Zilowanishe nyuzi hizo kwa gundi nyeupe ya mbao, zivingirishe kwa vidole ziwe kama kijiti, na ziache zikauke usiku mzima.

Mafundi redio huuza kimpira cha kufunikia nyaya kinachosinyaa kwa joto. Kata kipande cha sentimita 2, kivishe kwenye kijiti kilichokauka, kisha kipitishe juu ya moto wa kibiriti bila kukigusisha mwali, nacho kitabana. Asiyekipata azungushe uzi wenye nta juu ya ncha, mzunguko kando ya mzunguko, kwa urefu wa sentimita 2, aufiche mwisho wa uzi chini ya mizunguko na kuupaka supaglu. Ncha isizidi unene wa tundu la kiatu, kwa hiyo ijaribu kabla ya kuifunga moja kwa moja. Usiiunguze ncha ya pamba kwa moto kama inavyofanywa kwa nailoni, kwa sababu pamba haiyeyuki, inageuka majivu.

Kwa anayetaka kamba ya mviringo

Tumia kadi nne au tano, zote zivikwe upande mmoja, na zungusha mbele daima, ukitoa msokoto wa nyuma kwa kuufungua. Tofauti kubwa ni kwenye mshindio: uingize kila mara kutoka upande wa kulia peke yake. Ukitokea kushoto, upitishe chini ya kazi hadi kulia tena, na uuvute kwa nguvu baada ya kuzungusha kadi. Kingo mbili hukutana na mkanda hujifunga kuwa mrija, ambao rangi zake hujizungusha kwa mshazari. Kamba ya namna hii hupita vizuri kwenye pete za chuma za buti, lakini hufunguka haraka kuliko iliyo bapa, kwa hiyo iongezee nta kidogo katika sentimita 30 za mwisho, pale inapofungwa fundo.